Kuokoka, Kuokolewa, Kuokoa: Nani Anakosekana katika Masimulizi ya Ajali za Ndege?

Kitenzi okoa kikinyambuliwa hutupa okolewa na okoka. Katika somo la sarufi tunafundishwa kwamba cha kwanza kiko katika kauli ya kutendwa na cha pili katika kauli ya kutendeka, kisha tunahamia kitenzi kingine. Lakini tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana ubaoni. Anayeokolewa ameokolewa na mtu. Hata mtu huyo asipotajwa, nafasi yake ipo, imeachwa wazi mwishoni mwa sentensi ikisubiri neno na. Anayeokoka hana nafasi hiyo. Ameokoka tu, na hadaiwi shukrani na yeyote. Ndivyo lilivyo pia neno nusurika, ambalo magazeti hulikimbilia kila basi linapopinduka: abiria wamenusurika. Wamenusuriwa na nani? Kitenzi chenyewe hakitaki kutuambia.

Katika insha hii ninatumia tofauti hiyo ya kisarufi kuhakiki masimulizi ya ajali mbili za ndege katika eneo letu. Ya kwanza ni ile iliyompata mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway karibu na maporomoko ya Murchison, Uganda, mwezi Januari 1954. Ya pili ni ya ndege ya Precision Air iliyotumbukia Ziwa Victoria mjini Bukoba, Tanzania, tarehe 6 Novemba 2022. Kati yake imepita miaka 68 na ushee, lakini ukifuata maji utaona zimetokea katika njia moja. Mto Akagera, unaobeba maji ya Rwanda, huingia Ziwa Victoria kaskazini mwa Bukoba. Kutoka ziwa hilo Nile hutokea Jinja, hupita Ziwa Kyoga, hubanwa katika mwamba wa Murchison, kisha humwagika Ziwa Albert. Katika ajali zote mbili msaada wa kwanza ulipita juu ya maji hayo, na katika zote mbili ulitoka kwa watu ambao kazi yao haikuwa kuokoa.

Hoja yangu ni kwamba kisa cha Murchison kimesimuliwa kwa kitenzi okoka, na kile cha Bukoba kwa kitenzi okoa chenye mtenda mmoja. Kinachokosekana katika vyote viwili ni okolewa na, tena na ya watu wengi.

Nianze na Murchison. Hemingway na mkewe Mary walikuwa katika safari ndefu ya uwindaji iliyowapitisha Kenya na Tanganyika. Kama zawadi ya Krismasi kwa Mary, alikodi ndege ndogo aina ya Cessna 180, rubani akiwa Roy Marsh, ili waitazame nchi kutoka juu. Waliondoka Nairobi tarehe 21 Januari, wakapitia Mwanza, wakaelekea magharibi hadi kusini mwa Ziwa Kivu, katika mji ambao leo tunauita Bukavu. Msomaji wa hapa Kigali akifungua ramani ataona kwamba njia ya moja kwa moja kati ya miji hiyo miwili inapita juu ya nchi iliyoitwa wakati ule Ruanda-Urundi. Tarehe 23, wakitokea Entebbe, walizunguka juu ya maporomoko ya Murchison. Rubani alipojaribu kulikwepa kundi la kwarara, wale ndege wa majini wenye midomo mirefu, Cessna iligonga waya wa telegrafu ambao haukuwa ukitumika tena, ikaangukia vichakani.

Wote watatu walitoka hai. Mary alivunjika mbavu na Hemingway akaumia bega. Walilala porini, tembo wakiwa karibu, na chini yao Nile yenye mamba na viboko. Ndege kubwa ya abiria iliyopita juu ilitoa taarifa kwamba mabaki yameonekana lakini hakuna dalili ya mtu aliye hai, na magazeti duniani yakachapisha tanzia. Kesho yake ilipita mashua iliyoitwa Murchison, ambayo Ian McAdam, daktari mpasuaji Mwingereza aliyefanya kazi Kampala, alikuwa ameikodi kwa matembezi ya familia. Ikawapeleka hadi Butiaba, ukingoni mwa Ziwa Albert. Huko walimkuta rubani Reggie Cartwright na ndege aina ya de Havilland Rapide, tayari kuwapeleka Entebbe. Jioni ile ile ndege hiyo, iliyokuja kuwaokoa, ilianguka ikiwa bado inajaribu kuruka, ikashika moto. Wenzake walitokea dirishani. Hemingway, mtu wa umbo kubwa na bega bovu, aliusukuma mlango uliokwama kwa kuupiga kichwa mpaka ukafunguka. Majeraha ya ajali hii ya pili, yakiwamo ya fuvu la kichwa, ndiyo yaliyomtesa zaidi. Mwezi Oktoba mwaka huo huo alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, lakini hakwenda Stockholm kuipokea.

Yeye mwenyewe alikisimulia kisa hicho katika makala yaliyoitwa The Christmas Gift, yaani zawadi ya Krismasi, yaliyochapishwa katika jarida la Look la Marekani kwa sehemu mbili, Aprili na Mei 1954. Ni maandishi ya kuchekesha, na ucheshi wake si wa bahati mbaya. Mwandishi anataniana na tembo wa usiku ule na kukoroma kwa mkewe. Anasoma tanzia zake kama mtu anayesoma barua zisizo zake. Anaicheka ile ya Kijerumani iliyodai kwamba alikuwa akijaribu kutua juu ya kilele cha Kilimanjaro. Wale walioandika kwamba maisha yake yote alikuwa akikitafuta kifo anawajibu kwa hoja ya mtu mzima: je, mtu angekitafuta kitu kwa bidii namna hiyo, afike miaka 54 bila kukipata?

Ninakiri nguvu ya maandishi haya. Mtu aliyepasuka kichwa anakataa kuhurumiwa, tena anawanyang'anya waandishi wa tanzia haki ya kuyapa maisha yake maana. Lakini tutazame umbo la kisa. Kiini chake ni mtu aliyetangazwa amekufa akarudi, na kila kitu kingine kimepangwa kumzunguka mtu huyo. Waya ni kikwazo, tembo ni kitisho, mashua ni daraja la kumvusha kutoka ajali ya kwanza hadi ya pili. Kilele chake ni ule mlango wa Butiaba, ambao anaufungua kwa kichwa chake mwenyewe, kutokea ndani. Hapo kitenzi hakisemi hata okoka. Kinasema jiokoa.

Sasa tuulize swali la sarufi: waliokolewa na nani? Katika jinsi kisa hiki kinavyosimuliwa mpaka leo, majina hayakosekani. Tunamjua rubani wa kwanza na wa pili. Tunamjua daktari aliyekodi mashua. Tunalijua jina la mashua yenyewe. Lakini mashua ya mtoni haijiendeshi. Kuna aliyeshika usukani akiyajua mawe na mafungu ya mchanga ya sehemu ile ya Nile. Kuna aliyeitazama injini, na kuna aliyerusha kamba. Katika masimulizi yote niliyoyasoma kuhusu siku ile, aliyelipia mashua ana jina, na walioiendesha hawana. Chombo kimepewa nafasi ya mtenda, kana kwamba mti na chuma viliona moshi vikageuka vyenyewe kuelekea ukingoni.

Nilipotoa hoja hii darasani, mwenzangu mmoja alinipinga, na pingamizi lake lina uzito. Alisema ninamdai majeruhi kazi ya karani. Mtu aliyelala porini akiwa na maumivu, kisha akaungua siku hiyo hiyo, hawezi kulaumiwa kwa kutoandikisha majina ya mabaharia. Ningekubali kama tungekuwa na kisa kile peke yake. Lakini Hemingway alikuwa amekwisha kuandika kuhusu ndege ya uokoaji katika pori la Afrika Mashariki miaka 18 kabla, akiwa na kichwa kizima na muda wa kutosha. Hadithi fupi The Snows of Kilimanjaro ilitoka mwaka 1936. Mhusika wake mkuu, Harry, ni mwandishi ambaye mguu wake unaoza kwa sababu ya mchubuko wa mwiba. Gari lao limeharibika. Anasubiri ndege ije imchukue. Inakuja, ikiendeshwa na Compton, inampakia na kumpeleka kwenye weupe wa kilele cha Kilimanjaro. Kisha tunagundua kwamba ndege hiyo imekuja katika ndoto ya mtu anayekata roho.

Ukiisoma hadithi hiyo kwa kuwafuata Waafrika waliomo, utawakuta mara tatu. Mmoja ana jina, Molo, na kazi yake ni kuleta wiski na kuitika. Mwingine hana jina bali kabila: ni dereva Mkikuyu, na anatajwa ili alaumiwe kwa gari kuharibika. Wa tatu ni kundi zima, maboi, na hao ndio wanaonishughulisha. Wamekusanya kuni na nyasi katika ncha mbili za uwanja ili ndege ikionekana wawashe moto na moshi umwonyeshe rubani mahali pa kutua. Katika ndoto ya Harry wanakimbia, wanamwaga mafuta ya taa, wanawasha. Bila moto huo Compton hatui, hata ndotoni.

Hapa ndipo ninapomjibu mwenzangu. Ukimya wa mwaka 1954 hautokani na pigo la kichwa. Ni umbo ambalo lilikuwa tayari. Katika umbo hilo, Mwafrika akiharibu ni mtu mmoja anayeweza kunyooshewa kidole, lakini akiokoa ni moshi. Tena hadithi ya kubuni inamzidi mwandishi wake hekima, maana angalau inajua kwamba moshi huo unahitaji watu wa kuuwasha, ikawaweka katika ukurasa na kuwapa vitenzi: wanakimbia, wanawasha, wanarundika nyasi. Kisa cha kweli, jinsi tulivyokirithi, hakiwapi hata vitenzi hivyo.

Mtu anaweza kudhani kwamba tatizo hili ni la wageni, na kwamba tukisimulia sisi wenyewe, kwa lugha yetu, litakwisha. Ndiyo sababu nimeileta Bukoba.

Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege aina ya ATR 42 ya Precision Air, iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43, ilitumbukia ziwani katika hali mbaya ya hewa ilipokuwa ikijaribu kutua Bukoba, karibu sana na uwanja. Watu 19 walikufa, wakiwamo marubani wote wawili, na 24 wakapona. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Katika siku chache Tanzania nzima, na sisi majirani, tulikuwa na jina moja midomoni: Majaliwa Jackson, kijana mvuvi. Alipewa shilingi milioni 1, na Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza apewe ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Tangazo la ajira hiyo lilitolewa na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, na watu hawakuacha kuizungumzia sadfa ya majina.

Ukilinganisha na mwaka 1954, haya ni mapinduzi. Mwokozi ana jina, ana sauti, anahojiwa kwa Kiswahili, na dunia inatafsiri maneno yake. Mlango pia umegeuka. Butiaba ulifunguliwa kutoka ndani kwa kichwa cha msafiri maarufu. Bukoba, kwa maelezo ya Majaliwa, ulivunjwa kutoka nje kwa kasia. Nikiwa mwanafunzi wa fasihi nilifurahi kuona kasia likichukua nafasi ya kichwa.

Lakini tuyasome maelezo aliyoyatoa mwenyewe akiwa hospitalini kwa uangalifu ule ule. Anasema alikimbilia kwenye ndege pamoja na wavuvi wenzake watatu. Anasema alizamia upande wa mbele, akawasiliana kwa ishara na rubani kupitia kioo, na rubani akamwelekeza avunje kioo hicho. Alipoibuka na kuomba kifaa, walinzi wa uwanja wa ndege wakampa shoka. Kisha mtu mwenye kipaza sauti akamzuia, akisema kwamba wanawasiliana na marubani na maji hayaingii mbele. Alirudi chini kumpungia rubani mkono wa kwaheri, lakini rubani akaonyesha kwamba bado anataka kuokolewa, akamwonyesha mlango wa dharura. Akaufunga kamba, wakajaribu kuuvuta kwa msaada wa boti nyingine. Kamba ikakatika, ikampiga usoni, naye akazirai.

Hiki si kisa cha shujaa mmoja. Kina wenzake watatu, kina walinzi na shoka lao, kina boti nyingine, kina mtu mwenye kipaza sauti, na kina rubani anayeomba msaada kwa ishara na kuukosa. Aliyekisimulia aliwataja wote. Sisi tulioupokea ujumbe ndio tuliochuja. Tulibakisha kasia na mlango, tukaacha shoka, kamba na kile kioo. Tulibakisha sehemu aliyofaulu, tukaiacha sehemu aliyoshindwa, ingawa hiyo ya pili ndiyo ndefu zaidi katika maelezo yake na ndiyo yenye maswali mazito. Kwa nini shoka lilitoka kwa walinzi na kushikwa na mvuvi? Kwa nini kamba ya boti ndiyo iliyokuwa kifaa cha kufungulia mlango wa ndege?

Hadithi ya shujaa mmoja ina udhaifu mwingine. Imeegemea nguzo moja. Siku mtu akijitokeza kusema kwamba mlango ulifunguliwa na mwingine, watu wanaanza kubishana kuhusu kijana mmoja kama ni mkweli au si mkweli, na ziwa zima linasahaulika. Kisa chenye watu wengi hakitikisiki kwa urahisi hivyo. Ukimwondoa mmoja, wengine bado wamesimama ndani ya mitumbwi yao.

Nadhani mazoea haya tunayapata mapema, shuleni. Katika nchi nyingi za Afrika Mashariki mwanafunzi wa Kiswahili hupewa wakati fulani insha ya kusimulia ajali aliyoishuhudia. Tunajua jinsi inavyoandikwa. Kuna mwendo wa kasi, kishindo, vilio vilivyopasua anga, kisha wasamaria wema wakafika. Wasamaria wema hao hawana sura wala hawatoki mahali popote. Hutokea pale msimulizi anapowahitaji. Na mwishoni huja methali: ajali haina kinga. Kwa miaka mingi niliiona methali hiyo kama hekima. Sasa naiona pia kama kifuniko. Waya wa telegrafu ulioachwa juu ya Nile bila kutumika ulikuwa na kinga, nayo ni kuuondoa. Kukosekana kwa kifaa cha kuvunjia kioo kuna kinga, nayo ni kukiweka karibu. Methali inapowekwa mwishoni mwa insha, mwalimu huipa alama na maswali hufungwa.

Neno majaliwa lenyewe hutumika kwa kile ambacho Mungu amemkadiria mtu. Sibishani na imani ya yeyote. Katika nchi hii na katika chuo chetu neno kuokoka lina uzito wa kiroho ambao sikusudii kuugusa. Ninachosema ni kwamba mhakiki wa masimulizi ya ajali hapaswi kuikimbilia kudra kabla hajamaliza kuwahesabu watu. Kumshukuru Mungu hakumzuii mtu kuuliza nani alikuwa na mtumbwi.

Kwa maana hiyo, jina katika kisa cha uokoaji si zawadi ya shukrani tu. Ni taarifa. Tukiandika kwamba waliokolewa na wavuvi wa mwambao ule, watu kadhaa, kwa makasia, kamba na shoka la kuazima, tayari tumeandika orodha ya vitu vilivyokuwapo na vilivyokosekana. Atakayesoma ataona kwamba kikosi cha kwanza cha uokoaji katika maziwa yetu ni wavuvi, wawe wameajiriwa au la, na atauliza kama wamefunzwa kuzamia, kama wana maboya, kama mwenye kipaza sauti anajua kusikilizana nao. Tukiandika kwamba aliokoa kijana mmoja, jibu ni kumpa kijana huyo kazi. Alistahili. Lakini wenzake watatu walibaki ufukweni na makasia yao, na ajali nyingine ikitokea wao ndio watakaofika kwanza.

Sisi tunaosoma Masoro tunaziona ndege zikishuka kuelekea Kanombe, na wengi wetu tuna ndugu wanaoishi kando ya Kivu, ambako wavuvi huwa ziwani usiku kucha. Kiswahili ni lugha rasmi nchini mwetu tangu mwaka 2017, na miongoni mwetu watatoka waandishi wa habari na walimu wa insha. Ningependa tukubaliane jambo moja dogo la kazi. Kila tunapoandika waliokolewa, tusiweke nukta kabla ya kuandika na. Baada ya na tuandike watu wote tunaowajua, na pale ambapo hatuwajui tuseme walikuwa wangapi, walishika nini, na walikosa nini.